Wamenipima enzaimu za fizi wakasema MMP-8 iko juu, maana yake meno yangu yatatoka?

MamaKikapu_Bombo

Salaam aleikum jamani, habari za humu. Naombeni mnisikilize maana hii kitu inaninyima usingizi wiki ya pili sasa. Mimi ni mama wa miaka 43, niko Bombo, kazi yangu kusuka vikapu na mikeka. Wanaoijua kazi hii wanajua mikono miwili haitoshi, kwa hiyo ukindu unaubana na meno ya mbele huku mikono inavuta, nimefanya hivo tangu niko msichana. Sasa tangu Ramadhani nikiuma ukindu nautoa una damu, mwanzo ilikuwa kidogo kama uzi mwekundu, halafu ikawa kila siku, na ukindu mweupe haufichi kitu, kuna kikapu cha mteja nimefumua safu mbili nzima nikaanza upya. Nikipiga mswaki povu linakuwa jekundu jekundu. Halafu kuna jino la chini la mbele upande wa kushoto, nikilisukuma na ulimi naskia linacheza. Haliumi hata kidogo, na hapo ndo nilipojidanganya miezi yote hii, nikawa nasema kitu kisichouma si ugonjwa.

Nilienda kliniki moja huku huku, wakaniangalia kwa tochi ya simu, wakanipa antibayotiki za siku tano na kuniambia nisukutue maji ya chumvi. Damu ilipungua kama wiki moja ikarudi vile vile. Ndo dada yangu akanipeleka Kampala kwenye hospitali moja, tukakuta kuna watu wanafanya utafiti wa fizi, wakanieleza nikakubali nikatia sahihi. Wakanikausha fizi na pamba, halafu kijana mmoja akachukua kikaratasi chembamba sana, kama ncha ya ukindu uliochongwa, akakiingiza taratibu kati ya jino na fizi, akahesabu sekunde 30 akakitoa akakitia kwenye kichupa kidogo. Akafanya hivo meno manne. Baadae ndo wakaleta kile kijiti cha chuma chenye alama wakawa wanachomeka na kutaja namba, mmoja anataja mwingine anaandika, nilisikia "tatu, tano, sita, sita", nikajua tu sita siyo nzuri kwa vile sauti yake ilivyoshuka.

Juzi wamenipigia simu. Wanasema enzaimu inaitwa MMP-8 iko juu na nirudi kwa matibabu. Nikauliza enzaimu ni nini, akasema ni kitu kinachokula nyama ya fizi. Basi, simu ikakatika. Tangu siku hiyo nikilala nahisi kama kuna kitu kinanitafuna. Wanajukwaa mnaojua haya mambo niambieni kwa lugha ya kawaida: hii enzaimu ni mdudu? nimeambukizwa? naweza kuwaambukiza watoto? na meno yangu ndo basi? Nauliza kwa moyo wote kwa sababu kazi yangu iko kwenye mdomo huu.

Dereva_Njia_ya_Malaba

Mama pole sana. Mi si msawo (daktari), naendesha trela Malaba hadi Elegu, lakini nakuomba urudi huko walikokuita, tena wiki hii, usingoje. Mimi nilianza hivo hivo damu bila maumivu, nikasema ni mswaki mgumu, nikabadilisha mswaki. Miaka mitatu baadae meno manne ya chini yalikuwa yanacheza yote, yakang'olewa kwa siku mbili, na hapo ndo walinipima sukari wakakuta iko juu sana na mimi sikuwa najua kabisa kama nina kisukari. Hakuna aliyewahi kuniambia fizi na sukari ni majirani. Kwa hiyo ukienda waambie wakupime na sukari. Mambo ya enzaimu wataeleza wenye kujua, mi nasema ya barabarani tu.

MsawoMeno_Busia

Waleikum salaam dada. Mi ni msawo wa meno, nimefanya kazi hii miaka 14, nyingi hapa mpakani Busia. Nitaandika kirefu kwa sababu umeuliza vizuri, na yule aliyekupigia simu alikuwa na haki ya kukuita lakini maneno aliyotumia yamekutisha bure.

Kwanza kabisa, enzaimu si mdudu. Haijatoka nje, hukuambukizwa hiyo enzaimu na mtu na huwezi kumpa mtoto. Shuleni wengine tuliisoma kwa jina la kimeng'enya. Ni protini mwili wenyewe unatengeneza ifanye kazi fulani, zile za tumboni zinavunja chakula, na hii MMP-8 kazi yake ni kukata kolajeni.

Sasa kolajeni ndo nini. Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye mbao. Limefungwa. Kuna nyuzi nyingi mno, ndogo hata jicho halizioni, zinatoka kwenye mzizi wa jino zinaingia kwenye mfupa, na nyingine zinalivuta fizi likumbatie shingo ya jino. Nyuzi hizo ndo kolajeni. Wewe msusi utaelewa upesi kuliko wanafunzi wengi, jino limesukwa ndani ya taya. Na MMP-8 ni mkasi. Ukikuta uzi wa kolajeni unaukata pahala pamoja maalum, unabaki vipande viwili, kimoja robo tatu kingine robo, baada ya hapo vipande vinalegea na enzaimu nyingine zinamalizia.

Utauliza kwa nini mwili wangu unajikata wenyewe. Hii kazi kwa kawaida ni njema. Kiluwiluwi akigeuka kuwa chura, ule mkia unaenda wapi? Haudondoki, unayeyuka mahali pake. Mwaka 1962 kule Marekani watafiti wawili, Jerome Gross na Charles Lapière, walichukua vipande vya mkia wa kiluwiluwi wakaviweka juu ya kolajeni iliyogandishwa kama uji wa jana, na ile kolajeni ikayeyuka ikizunguka kile kipande. Ndo enzaimu za jamii hii zilivyojulikana. Na wewe umezaa, mfuko wa uzazi uliobeba mtoto ukarudi ukawa mdogo, kolajeni nyingi iliondolewa pale kwa mikasi ya aina hii. Kidonda kikifunga, mikasi imepita. Mwili una vifuniko vyake vya kuifunga, vinaitwa TIMP, mkasi ukimaliza kazi unafunikwa.

Tatizo linaanza na ule utando laini unaoshika jino kwenye mpaka wa fizi, ukoga. Ukiachwa, bakteria wanaongezeka, na ukikaa unakuwa mgumu kama chokaa, ndo ugaga. Mwili unaona adui unapeleka chembe nyeupe za damu, hasa zile zinaitwa nyutrofili, na nyutrofili hizo zinatembea zimebeba MMP-8 ndani yao tayari, kwenye vifuko. Zikifika zinamwaga. Kama adui anaondoka siku chache vita vinaisha. Lakini ugaga hauondoki, umeshika jino kama kutu, basi chembe zinakuja kila siku, zinamwaga kila siku, vifuniko havitoshi, na nyuzi zinazokatwa ni zako. Bakteria wenyewe wana enzaimu zao pia, yule mmoja mbaya *Porphyromonas gingivalis* ana zake kali zinaitwa jinjipeni, na hizo zinaweza hata kuchochea ile MMP-8 iliyolala iamke. Lakini sehemu kubwa ya uharibifu inafanywa na askari wetu wenyewe waliokaa vitani muda mrefu kupita kiasi. Nyuzi zikikatika fizi linaachia jino, panatokea mfuko, mfupa nao unajivuta chini kukimbia ile vita, na jino linaanza kucheza.

Zile namba ulizosikia ni milimita. Fizi zima ni 1 hadi 3. Kuanzia 4 na kuendelea, na damu ikitoka, pale pana mfuko tunaufuatilia. Sita ina maana ukoga na ugaga viko ndani ambako mswaki haufiki kabisa, na ndo maana maji ya chumvi hayakukusaidia, chumvi inatuliza fizi juu juu, ugaga haitikisi. Na antibayotiki peke yake bila kusafisha ni kama kunyunyizia dawa nyumba ambayo takataka bado zimejaa ndani, damu ilipungua wiki moja kama ulivyosema mwenyewe.

Kwa hiyo "MMP-8 iko juu" soma hivi: kijiti cha chuma kinaonyesha kilichokwisha kupotea, na hiyo enzaimu inaonyesha kwamba mkasi unakata hivi sasa. Haisemi jino litatoka. Inasema kazi ya kulizuia ianze sasa. Na habari nzuri niliyo nayo ni kwamba ukoga ukitolewa fizi linasikia haraka. Mwaka 1965 Harald Löe kule Aarhus, Denmark, aliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kupiga mswaki, wote fizi zikavimba, wengine siku ya 10 wengine mpaka siku ya 21, waliporudia kusafisha fizi zikapona kama wiki moja tu. Hao walikuwa hawajapoteza mfupa, wewe umefika mbele zaidi na mfupa uliokwenda haurudi wenyewe, sikufichi. Ila kusimamisha pale ulipo, hiyo inawezekana na ndo kazi yetu ya kila siku.

Rudi Kampala dada. Na mpaka hapo usibane ukindu na hilo jino.

MamaKikapu_Bombo

Musawo Mungu akuzidishie. Nimesoma mara tatu, nimemsomea na mama yangu kwa Kinubi, pale pa mkia wa kiluwiluwi amesema sasa ameelewa. Yaani mi nlikuwa nafikiri nina mdudu ndani.

Nina maswali mawili. Kwanza, kuna mama mwenzangu ambae yeye atang'olewa, wanasema watachukua na kipande cha fizi chake wapime enzaimu kwenye nyama yenyewe, kuna tofauti gani na kale kakaratasi kangu? Pili, jirani ana duka la dawa amesikia neno MMP akasema hiyo dawa yake ni doksi, ananiuzia vidonge kumi sasa hivi. Ninunue?

Maabara_Jinja

La kwanza nalijibu mimi maana niko maabara miaka mingi na hizi sampuli nimezishika.

Mama, yale maji yanayotoka kati ya jino na fizi ni kidogo sana, kwenye fizi zima hayafiki hata tone, ukiacha kikaratasi sekunde 30 kinachonyonya unaweza usikione kimelowa. Lakini ndani yake kuna kila kitu kinachotokea chini pale: chembe nyeupe zilizokufa, enzaimu zilizomwagwa, vipande vya kolajeni. Uzuri wake haumuumizi mtu na unaweza kurudia jino hilo hilo mwezi ujao ukalinganisha. Walianza na kikaratasi kabla ya kijiti cha chuma na hapo walifanya kazi safi, kwa sababu kijiti kikitangulia damu inatoka, na kikaratasi chenye damu tunakitupa. Siyo kwa uchafu. Chembe nyekundu za damu zimejaa enzaimu zao, ile LDH hasa, na AST kiasi, sasa ukipima kikaratasi chenye damu unapata namba kubwa ya kutisha na hujui imetoka kwenye fizi lililoharibika au kwenye tone la damu lililochanika. Ndo maana pia walikukausha na pamba kwanza, mate yasiingie.

Nyama ya fizi ni habari nyingine. Pale unakata kipande, unakisaga kwenye baridi ili enzaimu zisiharibike, unapima kwa kulinganisha na uzito wa protini iliyomo, au unakikata vipande vyembamba kama karatasi, unakipaka rangi na kutazama kwa darubini enzaimu imekaa wapi, iko kwenye chembe gani. Hiyo inaeleza mengi kuliko kikaratasi, unaona kabisa chembe nyeupe zimejipanga chini ya ngozi ya mfuko. Lakini huwezi kumkata mtu fizi kila mwezi ili umfuatilie, kwa hiyo nyama inachukuliwa pale ambapo tayari jino linatoka au fizi linafanyiwa upasuaji. Mwambie mama mwenzako hatakatwa zaidi ya kile ambacho kingetoka, na kama hataki ana haki ya kukataa na bado atatibiwa, hiyo ni sheria ya utafiti popote pale.

Kitu kingine watu wanachanganya, MMP-8 haiko peke yake. Kuna alikali fosfatezi ambayo inatoka kwenye chembe za mfupa na kwenye nyutrofili na hata bakteria, kuna elastezi, kuna beta-glukuronidezi, kuna AST. AST hii ni ile ile wengine mmeiona kwenye karatasi ya kipimo cha ini. Mtu akiona AST kwenye fizi anakimbia kusema ini lake limekufa, hapana, AST iko ndani ya chembe karibu zote za mwili, chembe ikipasuka inamwagika. Ikimwagika kwenye damu tunafikiria ini au msuli, ikimwagika kwenye kikaratasi cha fizi maana yake chembe za pale pale zimekufa. Ndo udhaifu wake pia, inakuambia kuna vifo lakini haikuambii nani ameua. MMP-8 inapendwa zaidi kwa sababu inagusa kolajeni moja kwa moja.

Siku hizi kuna hata kipimo cha haraka cha MMP-8, mgonjwa anasukutua maji kidogo, yanachukuliwa, yanadondoshwa kwenye kipande cha plastiki kama kile cha malaria, mstari mmoja au miwili, dakika chache tu. Kikomo chake ni nanogramu 20 kwa mililita. Sasa msilinganishe namba hiyo na namba ya kikaratasi, moja ni ya mdomo mzima iliyochanganyika na maji, nyingine ni ya jino moja. Nimeona watu wenye elimu kubwa wakizichanganya na kubishana saa nzima.

MsawoMeno_Busia

Asante sana kaka wa Jinja, umeeleza vizuri kuliko mimi.

Dada, la doksi. Usinunue. Jirani yako amesikia kitu cha kweli lakini amekishika mkiani. Ni kweli doksisaiklini inafunga MMP-8. Enzaimu hizi zinahitaji madini ya zinki na kalsiamu ili zifanye kazi, na dawa za familia ya tetrasaiklini zinayashika madini hayo. Aliyeligundua ni Lorne Golub na wenzake kule Marekani, mwaka 1983 waliandika kwamba panya wenye kisukari, hata wale waliofugwa bila bakteria yoyote mwilini, walipopewa dawa ya familia hiyo kolajeni yao iliacha kukatwa ovyo. Fikiria, panya hana bakteria hata mmoja na antibayotiki bado imesaidia fizi, kwa hiyo haikuwa inaua bakteria, ilikuwa inafunga mkasi. Kwangu mimi hiyo ni moja ya kazi nzuri kabisa katika fani yetu.

Lakini dozi iliyokuja kukubaliwa Marekani mwaka 1998 kwa kazi hii ni miligramu 20 asubuhi na 20 jioni, kwa miezi kadhaa, na inaenda pamoja na kusafishwa mizizi, kamwe siyo badala yake. Miligramu 20 ni ndogo mno kuua bakteria na ndo makusudi yenyewe. Vidonge vya dukani ni miligramu 100. Ukimeza kumi utakuwa umewazoesha bakteria dawa, tumbo limekuuma, jua limekuchoma, na ugaga uko pale pale unacheka. Mjamzito asiguse, mtoto mdogo asiguse maana dawa za familia hii zinaweza kutia meno yake rangi ya kahawia maisha yote. Mimi katika wagonjwa kumi wa fizi tisa au wote kumi nawasafisha tu, vizuri, kwa mkono, mizizi yote, halafu nawafundisha mswaki, na wanapata nafuu bila kidonge.

Na aliyosema dereva kuhusu sukari ni ya msingi sana. Mwaka 2017 wataalamu wa fizi wa dunia walikutana Chicago wakapanga upya ugonjwa huu, hatua 1 mpaka 4 kwa ukubwa wa uharibifu, halafu daraja A, B, C kwa kasi yake, na vitu viwili vinavyokupandisha kasi moja kwa moja ni sigara na kisukari kisichodhibitiwa. Nenda ukapimwe.

Mwalimu_wa_Arua

Nimefuatilia uzi huu tangu juzi, nimejifunza mengi na nawashukuru. Ila nina jambo linaniuma niseme. Huku kwetu mtu anasafiri toka kijijini anafika kituo cha afya anakuta hakuna hata kiti cha meno, kazi inayofanyika ni kung'oa tu, kwa sababu kung'oa ndo vifaa vilivyopo. Sasa sisi tunaongea enzaimu na nanogramu. Mama huyu damu ilionekana kwenye ukindu kwa macho, jino linacheza, namba sita imetajwa. Hivi MMP-8 imeongeza nini ambacho hatukujua? Hela hiyo si ingenunua vifaa vya kusafishia? Sisemi utafiti ni mbaya, nauliza kwa dhati.

Maabara_Jinja

Mwalimu umeuliza swali ambalo na mimi najiuliza nikiwa kazini, na kwa mama huyu nakubaliana nawe, matibabu yake yangekuwa yale yale bila kipimo. Mtu mwenye damu na mfuko wa milimita 6 asafishwe, basi, asingojee maabara.

Mahali kinaposaidia ni baadae. Watu wawili wanasafishwa sawa sawa, mmoja anapona mwingine fizi zinaendelea kuliwa kimya kimya, na kijiti cha chuma hakitakuonyesha mpaka milimita nyingine imepotea, na hairudi. Pale enzaimu inapobaki juu hata baada ya kusafishwa, hilo jino tunaliangalia kwa wasiwasi zaidi na mgonjwa anaitwa mapema. Kingine ni wavuta sigara. Sigara inabana mishipa ya fizi, damu haitoki, mtu anaonekana mzima mdomoni kumbe mfupa umekwisha. Na tatu ndo hilo la kwako mwenyewe: kama siku moja kile kipimo cha kusukutua kitakuwa rahisi kama cha malaria, mtu wa kijijini asiye na kiti cha meno wala eksirei anaweza kujua mapema kwamba aende mjini kabla jino halijaanza kucheza. Hatujafika hapo na bei bado ni ya mbali. Lakini yule mama aliyekubali kikaratasi Kampala amesaidia tufike.

MsawoMeno_Busia

Na mwalimu, hilo la vifaa endelea kulisema kila mahali unapopata nafasi. Seti ya vyuma vya kusafishia mizizi kwa mkono haihitaji umeme, inachemshwa, inanolewa, inakaa miaka. Mi nimefanya kazi na seti mbili tu kwa muda mrefu. Watu wanang'olewa meno ambayo yangekaa.

MamaKikapu_Bombo

Jamani nimerudi, ni miezi mitatu sasa, samahanini kwa kuchelewa, nlitaka nije na jibu kamili.

Nilirudi Kampala wiki ile ile. Sukari walipima iko sawa, alhamdulillah. Walinisafisha mara mbili, upande mmoja kwa siku moja na wa pili wiki iliyofuata, wakachoma ganzi, na ile sauti ya chuma kikikwangua mzizi naisikia mpaka leo, kama unakwangua ukoko kwenye sufuria. Yule msawo alinionyesha ugaga aliotoa chini ya fizi, ni mweusi, mgumu, kama punje ya mchanga, nilikuwa nafikiri ugaga ni ile njano ya juu tu. Nililia pale kwenye kiti, si kwa maumivu, kwa kufikiria kwamba nilikaa na hiyo kitu miaka na kila siku nilikuwa napiga mswaki nikijiona msafi.

Walinifundisha mswaki upya: mswaki laini, nywele zake zielekee kwenye mpaka wa fizi kwa mshazari, taratibu, meno mawili mawili, na vibrashi vidogo vya kupitisha katikati kila usiku. Wiki ya kwanza damu ilizidi nikaogopa nikataka kuacha, nikakumbuka maneno ya humu nikaendelea. Wiki ya tatu ikakata.

Juzi wamenipima tena, kikaratasi kwanza, kijiti baadae, safari hii nilikuwa najua sababu ya utaratibu nikamwambia yule kijana, akashangaa. Zile sita mbili zimekuwa nne, ile tano imekuwa tatu. Enzaimu wamesema imeshuka sana isipokuwa kwenye lile jino la kushoto ndo bado iko juu kidogo, kwa hiyo wamenirudisha mwezi ujao badala ya kungoja miezi mitatu kama wengine. Limefungwa na wenzake kwa waya mwembamba nyuma. Halichezi kama zamani.

Ukindu siuumi tena. Nabana kwa kibanio cha nguo nilichokishona kwenye mto wa magoti, mwanzo kazi ilikuwa polepole sana, sasa mkono umezoea, na wasichana watatu ninaowafundisha nimewanunulia vibanio tangu siku ya kwanza.

Musawo wa Busia, nina swali la mwisho. Dada yangu mkubwa anavuta sigara miaka ishirini na zaidi, na kila nikimwambia habari hizi ananionyesha fizi zake, hazitoi damu hata tone, anasema mimi ndo mgonjwa. Nimemsomea pale Maabara alipoandika kuhusu sigara akanyamaza. Amekubali kwenda Jumatatu. Nimwambie wampime nini kwanza?

MsawoMeno_Busia

Kijiti cha chuma, meno yote, pande sita kila jino, halafu eksirei. Asivute asubuhi hiyo. Na wewe nenda naye, ukae naye pale wakitaja namba.